Feni ya Jivu: shajara ya kupitisha hewa nyuma ya gari

3 Februari: kwa nini nimeanza

Jivu ni mbwa wa kilo 27, pua ndefu, manyoya mazito ya rangi ya jina lake. Safarini hulala kwenye kizimba cha waya nyuma ya viti vya abiria. Gari lina kiyoyozi, lakini matundu yake yote yako mbele. Sisi tunavaa sweta, yeye nyuma anahema. Wiki iliyopita, baada ya safari ya saa mbili, nilifungua mlango wa nyuma nikakuta ulimi umemtoka wote, ncha imepanuka kama kijiko, na godoro lake limelowa mate. Niligusa sakafu ya kizimba na kuondoa mkono haraka. Nilimwomba radhi palepale.

Kabla ya kukata ubao wowote nimepima. Kipimajoto nimekifunga ndani ya kizimba, kimo cha kichwa cha mbwa aliyelala. Gari lilikuwa tupu, limeegeshwa juani, vioo vimefungwa, na nje kivulini nyuzi 31. Baada ya dakika 30 kizimbani palikuwa na nyuzi 48, na baada ya saa moja nyuzi 52. Kesho yake, katika hali ya hewa kama ileile, niliacha vioo wazi upana wa vidole viwili: nyuzi 50. Vidole viwili vimeninunulia nyuzi 2 tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics ulikuta hali hiyohiyo: joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa, asilimia 80 ya kupanda huko hutokea katika dakika 30 za kwanza, na kuacha vioo wazi kidogo hakuleti nafuu ya maana.

Niseme mapema, kwa yeyote atakayeiga kazi hii: feni hii ni ya safarini, na ya kusimama tukiwa pembeni yake. Si ya kumwacha mbwa peke yake garini. Fyuzi ikikatika au waya ukichomoka, hana wa kumwita.

4 Februari: mbwa anapoaje

Nimeandika hili kivyake kwa sababu ndilo lililobadilisha mpango. Sisi tukipulizwa na feni tunapoa kwa kuwa ngozi yetu ina jasho. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho zinazofanya kazi hiyo ziko kwenye nyayo, na ni chache. Anachotegemea ni kuhema. Unyevu wa ulimi na wa njia ya hewa unageuka mvuke na kuondoka na joto: kila gramu moja ya maji hubeba takriban kilojuli 2.4. Lakini hewa iliyomzunguka ikishajaa mvuke wake mwenyewe, anahema bure. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu; likivuka 41 ni hatari ya kifo. Wenye pua fupi hufika huko mapema zaidi.

Kwa hiyo sihitaji upepo mkali wa kumpiga usoni. Nahitaji hewa aliyokwisha kuitumia iondoke na nyingine iingie. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa feni. Wa pili niliochora leo ni wa njia ya hewa, yaani inaingilia wapi, inapita wapi, inatokea wapi.

10 Februari: jua kwanza

Hesabu ya karatasini. Jua la saa sita mchana humwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Nikichukulia kwamba wati 1,000 zinaingia garini kupitia vioo, na kwamba mita moja ya ujazo ya hewa ikipanda nyuzi 1 hubeba kilojuli 1.2, basi ili ndani pasizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 5 nahitaji mita za ujazo 600 za hewa kwa saa. Hiyo ni mashine kubwa na kelele tupu. Nikizuia jua hadi zibaki wati 300, zinatosha 180.

Basi nikaanza na vizuizi vya jua. Nilikata karatasi ya povu yenye uso wa kung'aa kwa umbo la kila kioo. Nilivibandika kwa ndani, na baada ya saa moja kizimbani palikuwa na nyuzi 47. Vilevile, kwa nje ya kioo: 44. Tofauti inaeleweka, kwani likizuiwa ndani, jua limekwisha kupita kioo na joto lake limekwisha kuingia. Tukisimama sasa naviweka nje. Tukiwa mwendoni vinabaki viwili tu vya vioo vya pembeni kwa nyuma, ndani, ili dereva aone.

Kazi ya saa 3, na imeshusha nyuzi 8 bila umeme. Ningeanzia hapa hata kama nisingefika mbali zaidi.

17 Februari: feni nne za kompyuta, zimeshindwa

Nilikuwa na feni 4 za sentimita 12 zilizotoka kwenye kompyuta mbovu. Ziko kimya, zinatumia volti 12, na zote kwa pamoja hazifiki ampea 1. Nilizipanga kwenye ubao wa plaiwudi uliokatwa kuziba dirisha la mlango wa nyuma wa kulia, zikitazama nje ili zinyonye hewa ya ndani na kuitoa. Hewa mpya ingeingia kupitia dirisha la mbele, ipite kizimbani, itoke. Mbele ya feni niliweka wavu wa mbu, na kati ya ubao na kizimba bomba la karatasi ya alumini.

Kwa mkono upepo ulionekana mzuri. Kwa kipimo, hapana. Ninavyopima ni hivi, na yeyote anaweza: mfuko wa taka wa lita 120 unabanwa ukiwa mtupu kwenye mdomo wa feni, halafu unahesabu sekunde hadi ujae. Feni moja, peupe, iliujaza kwa sekunde 4.4, yaani karibu mita za ujazo 98 kwa saa. Feni ileile ikiwa na wavu na bomba: sekunde 11, yaani 39. Wavu na bomba vimekula zaidi ya nusu. Feni za namna hii, zenye mapanga mapana na mwendo wa taratibu, husukuma hewa nyingi pasipo kizuizi, lakini hazina nguvu ya kushindana na kizuizi hata kidogo.

Nilipofunga zote nne na bomba lao la pamoja, gari likiwa na vizuizi vya jua, baada ya saa moja kizimbani palikuwa na nyuzi 41. Si haba, lakini si kazi niliyoitaka. Bomba la alumini nalo Jivu alilipasua kwa ukucha dakika ya kwanza alipoingia kunusa.

Kilichopotea: Jumamosi mbili, ubao mmoja, bomba moja. Feni nimezirudisha kabatini.

24 Februari: kipulizaji cha boti

Nimebadilisha aina. Kwenye boti za petroli kuna kipulizaji cha volti 12 kinachotoa mvuke wa mafuta chumba cha injini: silinda ya plastiki yenye mdomo wa sentimita 10, iliyotengenezwa tangu mwanzo kufanya kazi na bomba refu. Changu kinakula ampea 4. Bomba sasa ni la plastiki lenye waya wa chuma uliozungushwa ndani yake, halipasuki kwa ukucha.

Mfuko mmoja ulijaa kabla sijamaliza kubonyeza saa, hivyo niliunganisha miwili kwa tepu kupata lita 240. Ukiwa na bomba na wavu: sekunde 4.1, sawa na mita za ujazo 211 kwa saa. Hapo nikajua nimefika jirani.

Wavu wa mbu nimeuacha, nimeweka wavu wa chuma wa matundu ya milimita 8. Mkia haupiti, hewa inapita.

2 Machi: waya

Siku ndefu kuliko zote, na makosa ni mawili, yote yangu.

La kwanza ni unene wa waya. Nilitumia waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, yaani 0.5, uliobaki kwenye kazi ya taa. Kutoka betri hadi nyuma ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Betri ilisoma volti 12.4, kwenye mota zikafika 11.0. Volti 1.4 zilipotelea njiani na kuupa waya uvuguvugu. Nimeweka waya wa milimita 2.5 za mraba. Sasa mota inapata 12.1, na mifuko miwili inajaa kwa sekunde 3.6 badala ya 4.1. Hizo ni mita za ujazo 240 kwa saa. Kipulizaji ni kilekile, nimebadilisha waya tu.

La pili lingeweza kunichomea gari. Fyuzi nilikuwa nimeiweka nyuma, karibu na kipulizaji, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa rahisi kuifikia. Nilipokuwa nikisogeza kiti cha mbele, reli yake ikaubana waya na kuula ngozi. Chanya ikagusa bodi. Nilichokiona ni uzi wa moshi mweupe ukitoka chini ya zulia, na harufu ya plastiki inayoiva. Nilikimbilia boneti nikachomoa kichwa cha betri kwa mkono. Nilipofunua zulia, ngozi ya waya ilikuwa imeyeyuka kiasi cha kiganja kimoja na kushikamana na nyuzi za zulia. Fyuzi ilikuwa nzima kabisa. Umeme haukuipitia: ulitoka betri, ukafika kwenye reli, ukarudi.

Fyuzi hailindi feni, inalinda waya, na waya unaanzia betri. Sasa iko sentimita 15 kutoka kichwa cha betri. Ya ampea 5 ilikatika mara mbili kipulizaji kilipoanza kuzunguka, kwani mota inapoamka hula zaidi, ya 7.5 imetulia. Waya umeingizwa kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo na kupitishwa ukingoni mwa mlango, mbali na reli zote. Nimekaa na kiti nikikisogeza mbele na nyuma mara 20 huku mwenzangu akimulika tochi chini.

9 Machi: harufu ya moshi

Tulitoka na Jivu mwendo mfupi wa majaribio, kipulizaji kikinyonya kutoka kizimbani na kutupa nje dirishani. Barabara ilikuwa wazi na mambo yalikwenda vizuri. Kisha tukaingia kwenye foleni. Dakika chache baadaye binti yangu, aliyekaa kiti cha nyuma, akasema, "Baba, huku kunanuka moshi wa gari." Mimi mbele sikusikia chochote. Nikageuka nikamwona Jivu amesimama, pua ameibandika kwenye kona ya kizimba iliyo mbali na mlango wa nyuma.

Nilizima kipulizaji, nikafungua vioo vyote, nikasogea pembeni na kuzima injini.

Sababu niliipata jioni. Magari mengi yana matundu ya kutolea hewa kwa nyuma, yamefichwa na bampa, yakiwa na vifuniko vya mpira vinavyofunguka kwenda nje tu. Vyangu vimekauka kwa uzee na vimebaki wazi. Kipulizaji kilipoitupa nje hewa nyingi ya ndani, gari lilitafuta hewa ya kufidia popote penye upenyo, na upenyo wa karibu kabisa na kizimba ulikuwa pale, hatua moja kutoka mdomo wa ekzosi. Nilikuwa nimejenga mashine ya kumletea mbwa moshi. Tena tunachonusa ni gesi nyingine. Monoksidi ya kaboni yenyewe haina harufu, na ndiyo inayoua.

Sitaki mtu mwingine ajifunze hili kama nilivyojifunza mimi, kwa hiyo naliandika kwa herufi zote: usinyonye hewa ya ndani, kwa nyuma, na kuitupa nje ya gari ambalo injini yake inafanya kazi.

10 Machi: kugeuza upepo

Kipulizaji kimegeuzwa. Sasa hakitoi, kinaingiza, na hewa iliyozidi ndani inajitafutia njia ya kutoka, yakiwemo matundu yale ya nyuma. Upenyo uliokuwa adui sasa unafanya kazi yake ya asili. Vifuniko vya mpira nimebadilisha pia.

Mdomo wa kuvutia hewa una makao mawili. Tukiwa mwendoni au kwenye foleni, unalala kati ya viti vya mbele, mbele ya tundu la kiyoyozi, na kupeleka nyuma hewa iliyokwisha kupozwa. Tukisimama na kuzima injini, unahamia kwenye ubao wa dirisha la kushoto, upande usio na ekzosi, na dirisha la kulia linafunguliwa ili hewa itoke. Niliwahi kulifungua hilo la kutokea kidogo tu, na mifuko ikachelewa hadi sekunde 5. Kumbe njia ya kutokea isipokuwa pana kama ya kuingilia, kipulizaji kinajisukuma chenyewe. Sasa naliacha wazi kwa upana wa kiganja, na wavu juu yake.

Nimefunga pia king'ora cha monoksidi ya kaboni kwenye ukuta wa kizimba, kimo cha pua yake. Gesi hiyo ina uzito karibu sawa na hewa, haikai juu wala chini, hivyo mahali pake ni pale anapovutia pumzi.

16 Machi: Jivu anakataa

Kila kitu kinafanya kazi, na mbwa hataki kuingia. Nilidhani ni mngurumo, kwa hiyo nilikuwa nimeweka kidhibiti cha mwendo ili kipunguze. Kipulizaji kikiwa kimezimwa, anaingia. Kikiwa kwenye mwendo kamili, anaingia kwa kusitasita. Nikikipunguza, yaani kikiwa kimya zaidi kwa masikio yangu, anarudi nyuma, masikio yamelala, anapiga miayo na kulamba midomo.

Aliyenipa jibu ni binti yangu tena. "Kinapiga mluzi," alisema, na kuziba sikio. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kipulizaji na sikusikia kitu.

Kidhibiti cha namna ile hupunguza mwendo kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, na mota inatetemeka kwa kasi hiyohiyo. Changu kimeandikwa mara 15,000 kwa sekunde. Sikio la mtoto husikia mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde. Langu kwa umri huu limekwisha kuishia chini ya hapo. La mbwa linapita 40,000. Kwake ulikuwa mluzi mkali usiokoma, sentimita 40 kutoka kichwani.

Nimekiondoa. Mahali pake nimeweka kishusha volti, kibao kidogo chenye chipu ya LM2596, ambacho ndani yake huwasha na kuzima mara 150,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la mbwa, na nje hutoa volti tulivu. Kwa kuwa kina kikomo cha ampea 3, hakiwezi kubeba mwendo kamili, kwa hiyo nimetumia swichi ya hatua tatu: juu ni moja kwa moja kutoka betri; katikati imezimwa; chini ni kupitia kishusha volti kilichowekwa volti 7.5.

Faida niliyoipata haikuwa kwenye mpango. Kwenye hatua ya chini hewa ni asilimia 60 ya ile ya juu, lakini kutoka betri kinakula ampea 1.3 badala ya 4. Feni ikipunguzwa mwendo, hewa hupungua kwa kadiri hiyo, ila nguvu inayohitajika hupungua kwa mchemraba wake.

Mngurumo wenyewe nimeupunguza kwa kukitundika kipulizaji kwenye vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli badala ya kukipigilia skrubu kwenye ubao. Siku tatu nilimlisha Jivu kizimbani: siku ya kwanza kimezimwa, ya pili hatua ya chini nikiwa nimekaa naye, ya tatu injini imewashwa. Ya tatu alijilaza mwenyewe.

30 Machi: safari ya saa nne

Kipimajoto cha kizimbani hakikuvuka nyuzi 27 tulipokuwa mwendoni, mdomo wa bomba ukiwa mbele ya kiyoyozi. Kabla ya mradi, safari kama hiyo ilifika 36. Godoro lilikuwa kavu. Bakuli la maji lilipungua kama kawaida ya nyumbani.

Tatizo moja: tulipopumzika dakika 40 chini ya mti, nikasahau swichi kwenye hatua ya juu na taa za ndani zimewaka. Gari liliwaka, lakini kwa uvivu. Nimeongeza kikata umeme kinachozima kipulizaji betri ikishuka hadi volti 12.1. Kikizima kinapiga kengele kwanza. Kwa mbwa, feni inayokufa kimyakimya ni mbaya kuliko betri iliyokwisha.

6 Aprili: vipimo vya mwisho

Nimerudia kipimo cha 3 Februari, gari tupu, juani, nje kivulini nyuzi 31. Vizuizi vya jua kwa nje, hatua ya juu, dirisha la kulia wazi kwa kiganja. Baada ya saa moja: nyuzi 35.6. Kwa hatua ya chini: 38. Bila chochote palikuwa na 52. Hata hivyo 35.6 bado inaizidi ya nje, na hakuna feni itakayopafanya ndani pawe baridi kuliko hewa inayoivuta.

Kazi yote imenila Jumamosi tisa. Nikianza upya kesho ningeifanya kwa mbili: vizuizi vya jua, kipulizaji cha boti kinachoingiza, waya wa milimita 2.5, fyuzi betrini, king'ora, kishusha volti. Feni za kompyuta, bomba la alumini, waya mwembamba na kidhibiti cha mluzi viko kwenye boksi; anayezihitaji kwa kazi nyingine nitampa.

13 Aprili

Skrubu mbili za ubao wa dirisha zimelegea kwa mtikisiko. Nimeweka nati za kujikaza zenye plastiki ndani. Wakati nafanya hivyo mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Jivu akaingia kizimbani bila kuitwa, akaweka kidevu ukingoni mwa bomba, akalala.